Kilo Mbili za Sindano

Kijiko kiligonga ukingo wa sufuria taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Nje bado kulikuwa giza. Shangazi alikuwa anajitahidi kukoroga uji bila kelele, lakini uji wenyewe ulikuwa mzito, umejaa maziwa, siagi na karanga za kusaga, na kila alipozungusha mkono kijiko kiligonga tena. Akasikia kitanda cha chumba cha pili kikilia. Basi, mwenyewe ameamka.

"Shangazi, si nilikuambia leo nitakunywa chai tu?"

"Chai ipo, mwanangu. Itakuja nyuma ya uji."

Huyo mwenyewe alikuwa rubani wa ndege za kivita. Kambini walimwita Sindano, kwa jinsi alivyokuwa mwembamba. Shangazi aliposikia jina hilo mara ya kwanza alinuna siku nzima, kwa sababu ndiye aliyemlea huyo binti tangu kaka yake alipofariki, na mtu akimwita mtoto wako sindano ni kama anakuambia hukumlisha. Baadaye akalizoea. Aliona wanalitamka kwa upendo, hata wakubwa.

Sasa alikuwa ameacha kiwanda chake kidogo cha kushona mapazia mikononi mwa jirani, akafunga mfuko, akaja kukaa na binti wa kaka yake kwenye nyumba ya vyumba viwili karibu na ukuta wa kambi. Kazi iliyomleta ilikuwa moja. Alikuja kumwongeza Sindano kilo mbili.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Ndege alizorusha Sindano zilikuwa kubwa kwake kwa umri. Mafundi waliziita akina bibi, na kweli walikuwa na tabia za uzeeni. Mmoja alikohoa kila alipowashwa. Mwingine alivuja mafuta kama mtoto mwenye mafua, akawekewa beseni chini. Vipuri havikuwa vinatengenezwa tena popote, kwa hiyo akiumwa mmoja, mafundi walikwenda kumvua mwenzake, mpaka kando ya uzio pakawa na akina bibi kadhaa waliosimama bila pua wala macho. Kila mwaka iliahidiwa kwamba ndege mpya zinakuja. Kila mwaka sakafu ya banda ilipakwa rangi, wakubwa wakaja, wakaikagua rangi, wakaondoka.

Hatimaye zikaja mbili za kwanza. Zikafunikwa maturubai kwenye banda jipya, na mafundi, ambao midomo yao haikai kimya, wakaziita mabibi harusi, maana kila mtu alikwenda kuchungulia na hakuna aliyeruhusiwa kugusa.

Shangazi alipopata habari hizo alishukuru kwa sauti, peke yake, katikati ya vitambaa. Miaka yote simu ikiita saa isiyo yake, moyo ulimdondoka. Sasa mwanawe angetoka kwenye vile vyuma vikuukuu.

Ndipo likazuka suala la kiti. Kiti cha ndege mpya hakikumtaka rubani aliye chini ya uzito fulani, na Sindano alipungukiwa na kilo mbili.

"Kwa nini lakini?" Shangazi aliuliza siku ya kwanza.

"Ndivyo kiti kilivyotengenezwa," Sindano alijibu, akaingia kuoga.

Shangazi akalichukulia hivyo hivyo. Aliona ni sharti tu, kama vile askari wanavyopimwa urefu, kwamba mtu asionekane mfupi kwenye gwaride. Mwisho wa mwaka akina bibi wote wangeegeshwa, na rubani ambaye mabibi harusi wamemkataa angepewa meza na kiti cha kawaida. Sindano, ambaye tangu utotoni hakuweza kukaa mezani hata kumaliza chakula.

Basi mama wa watu akapiga moyo konde, akaanza kazi. Asubuhi uji. Kisha vyombo vya kubeba kazini: mayai ya kuchemsha, viazi vilivyopondwa kwa siagi, mkate uliokatwa vipande vinene, ndizi. Jioni nyama na wali, na maziwa kabla ya kulala. Alinunua mizani ya nyumbani, akaiweka koridoni, na kila Jumapili Sindano alipanda bila viatu, wote wawili wakainama kutazama.

Mshale haukusogea. Wiki ya pili haukusogea. Wiki ya tatu ukarudi nyuma.

"Hii mizani mbovu," Shangazi alisema.

"Si mbovu."

"Basi wewe ndiye mbovu. Chakula chote hiki kinakwenda wapi? Vyombo vinarudi vyeupe, hata punje haibaki."

Sindano akashuka, akavaa soksi zake. Shangazi akapanda mwenyewe kujaribu, na mshale ukamkimbia mbele kwa furaha. Yeye alikuwa ameongezeka.

Siri ilijileta yenyewe, mchana, ikapiga hodi. Ilikuwa bwana mmoja mpana, mikono imeingia mafuta ya mashine mpaka kwenye kucha, amekumbatia vyombo vilivyofungwa kwenye kitambaa safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mimi fundi wa ndege, pale kambini. Wananiita Spana. Sindano leo ameondoka haraka, akasahau vyombo, nikaona nivilete mwenyewe. Na vijana wamenituma nikushukuru. Yale mayai ya jana yenye pilipili manga, mama, watu waligombana."

Shangazi alimtazama. Kisha akatazama vyombo. Vilikuwa vimeoshwa vizuri sana, hata mpira wa mfuniko ulikuwa umetolewa, ukasuguliwa, ukarudishwa. Hakupata moyo wa kumkasirikia mtu aliyeosha mpira wa mfuniko.

"Nyinyi ndio mnaokula," alisema.

"Tunaamka kabla ya jogoo, mama, kuwabembeleza akina bibi wawake. Kantini inakuwa haijafunguliwa." Halafu akaona uso wake. "Kwani hukujua?"

Jioni ile hapakuwa pamepikwa kitu. Sindano alipoingia alimkuta Shangazi amekaa jikoni, vyombo vimepangwa mbele yake kama vielelezo mahakamani.

"Spana amekuja," Shangazi alisema.

Sindano akavuta kigoda, akakaa. Alikuwa na alama nyekundu za mikanda mabegani na nywele zimelowa jasho. "Siwezi kuruka nimeshiba, Shangazi. Ukikata kona huko juu, mwili unakuwa mzito mara nyingi kuliko ulivyo. Yai moja tumboni linakuwa tofali. Nimeshatapika mara mbili ndani ya barakoa ya kupumulia. Sasa hilo yai nitalitupa? Na wale mafundi wana njaa mbele yangu?"

"Ungeniambia."

"Ungelia."

"Ningelia, halafu ningepika kitu kingine. Basi kula ukishashuka."

"Nikishashuka napanda tena." Sauti ikaanza kumpanda. "Wenzangu wote waliochaguliwa wako kozi ya ndege mpya. Tuliobaki ni mimi na Mkongwe. Zamu za watu wote ni zetu. Kila nikiruka nashuka nimepungua, jasho tu. Nikipungua, sichaguliwi. Nisipochaguliwa, nabaki. Nikibaki, naruka. Umeelewa hilo duara?"

"Si umwambie mkubwa wako?"

"Nimemwambia. Anaelewa. Daktari anaelewa. Ofisi ya kozi wanaelewa. Nimechoka kueleweka, Shangazi."

Shangazi akainuka, akawasha jiko, akakaanga viazi.

Jumamosi akaja huyo Mkongwe, na mkungu mdogo wa ndizi begani. Alikuwa rubani mzee kuliko wote kikosini, kichwa kimejaa mvi, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, hageuzi shingo ila anageuka mwili mzima.

"Dada, nimesikia hapa kuna kiwanda cha kunenepesha," alisema. "Nimeleta malighafi."

"Karibu, kaka. Kiwanda kinafanya kazi, ila bidhaa inavuja."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamgeukia Sindano, na kicheko kikaisha. "Nimezungumza na mkubwa. Nusu ya zamu zako nachukua mimi."

"Mkongwe, mgongo wako je?"

"Mgongo wangu nilishauzoea. Mimi kwenye orodha ya mabibi harusi simo, macho yangu yamekataliwa. Nitaegeshwa siku moja na akina bibi wenzangu, pale kwenye uzio, na Spana atakuja kunivua meno awape wengine. Wewe kula, ulale."

Alisema kwa utani, lakini Shangazi aliona alivyolitazama dirisha wakati akisema. Kumpa mtu mwingine nafasi ambayo wewe mwenyewe umenyimwa si jambo dogo. Alimfungia viazi aende navyo.

Mambo yakaanza kunyooka. Sindano alilala mchana, akala na kuongeza, na Jumapili mshale ukasogea. Shangazi akapiga makofi koridoni. Lakini siku ya kupimwa ilipofika, daktari alikuwa safarini. Ikapangwa nyingine. Ilipofika hiyo, mizani ya zahanati ilikuwa imepelekwa kukaguliwa. Katikati ya kusubiri huko, bibi wa Mkongwe akagoma kabisa kuwaka, Mkongwe naye mgongo ukamlaza siku nne, na zamu zote zikamrudia Sindano. Kilichojengwa kwa wiki tatu kikabomoka kwa siku nne. Alirudi nyumbani mashavu yameingia ndani, akapanda mizani na viatu vyake, akashuka, akaipiga teke ikaenda kugonga mlango.

"Wakati ndege mpya hazipo, mimi nilikuwa mzito wa kutosha," alisema. "Sasa zimekuja."

Akala jioni ile huku machozi yanamtoka, bila kusimama, kijiko baada ya kijiko, kama mtu anayejaza gunia. Ukweli ni kwamba Shangazi ndiye aliyeshindwa kutazama.

Mkongwe aliporudi kazini uzito ukaanza kupanda tena, na siku moja kabla ya tarehe mpya ya kupimwa, mizani ya koridoni ilionyesha kwamba imebaki nusu kilo. Nusu kilo tu. Jua lilikuwa halijazama vizuri na Sindano alikuwa amelala kwa uchovu. Suti yake ya mazoezi, atakayopimiwa, ilikuwa kwenye kamba, imekauka. Shangazi alikwenda kuianua. Alipoikunja, vidole vyake vikapita kwenye pindo, na vidole vya mshona mapazia vikipita kwenye pindo vina mawazo yao.

Chini ya mfuko wake wa cherehani kulikuwa na vyuma vidogo bapa, vile vinavyoshonewa chini ya pazia ili lisipeperuke. Vidogo kama vifungo, lakini vizito. Akakaa dirishani, akafumua pindo za suruali na koti, akavipanga kimoja kimoja, akashona upya kwa mishono midogo ambayo hata fundi mwenzake asingeitambua. Alishona kwa mapenzi. Alikuwa akijiambia kwamba mtoto amefanya kazi ya kutosha, na kwamba nusu kilo haiwezi kumzuia mtu aliyevumilia yote yale. Sindano, aliyezoea mavazi ya kurukia yenye mikanda na ndoana kila mahali, aliivaa kesho yake hana hili wala lile.

Walikwenda watatu. Mkongwe alikuja kuwachukua, akasema hawezi kukosa. Zahanati ya kambi ilikuwa na korido ndefu na benchi la mbao. Sindano akaingia, mlango ukafungwa, wakabaki wawili benchini. Ili asilifikirie pindo, Shangazi akaanzisha mazungumzo.

"Hivi kaka, hicho kiti kinajali nini uzito wa mtu? Kukalia tu?"

Mkongwe akageuka mwili mzima kumtazama. "Hajakuambia?"

"Aliniambia ndivyo kilivyotengenezwa."

"Ndege ikikushinda, dada, kile kiti kinakurusha nje. Kina baruti chini yake. Sasa hiki kipya kina nguvu zaidi, na kofia mpya ni nzito, imejaa mitambo." Akainua mkono wake, akakunja ngumi. "Hii ni kofia na kichwa." Akaonyesha kifundo cha mkono. "Hii shingo. Mtu mwepesi kiti kinamrusha kwa kasi kubwa kuliko inavyotakiwa." Ngumi ikaanguka nyuma ghafla. "Mimi nilirushwa na kile cha zamani, cha upole, na uzito wangu wote. Nikapimwa baadaye nikakutwa nimefupika. Na shingo ndiyo hii unayoiona."

Shangazi alikuwa anaona shingo nyingine, nyembamba, yenye alama ndogo nyuma ya sikio, aliyokuwa akiisugua sabuni uani huku mwenye shingo akipiga kelele kwamba maji ni baridi.

Mlango ukafunguliwa. Sindano alitoka na tabasamu ambalo Shangazi hakuwa ameliona tangu aje, meno yote nje. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alisimama nyuma yake. "Amefaulu," alisema. "Kwa kiduchu, lakini amefaulu."

Mkongwe akaanza kuinuka ampe mkono. Shangazi ndiye aliyebaki amekaa.

"Daktari," alisema, "mpime tena."

"Shangazi?" Sindano bado alikuwa anatabasamu.

"Mpime tena, avue hiyo suti. Nimeshona vyuma kwenye pindo. Jana. Yeye hajui."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Liliondoka kipande kipande, na Shangazi alijilazimisha kulitazama mpaka likaisha. Sindano akashika pindo la koti lake, akalibonyeza, akavihisi. Akarudi ndani mwenyewe bila kuitwa.

Safari hii hawakukaa sana. Daktari alitoka peke yake, akavua miwani, akaifuta kwa kona ya koti lake jeupe muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Mara ya kwanza mizani haikutulia," alisema. "Inatokea. Hesabu ni ya mara ya pili. Atapimwa tena baada ya miezi mitatu."

Angeweza kusema neno jingine, udanganyifu, na neno hilo lingemfukuzisha Sindano kazi. Shangazi alimshukuru kwa kichwa tu.

Mkongwe akawarudisha nyumbani. Walipofika na kubaki wawili, Sindano alisimama katikati ya jikoni, ile suti mkononi.

"Ningekikalia, Shangazi. Ningekikalia nikiamini kinanijua."

"Sikujua, mwanangu."

"Hukuniuliza."

"Niliuliza. Ulisema ndivyo kilivyotengenezwa."

"Ulitaka nikuambie nini? Kwamba kinaweza kunivunja shingo? Ungeniruhusu kutoka hata mlangoni?" Akaitupa suti mezani, vyuma vikagonga mbao. "Nusu kilo. Ningeipata mwenyewe kama wangenipa wiki moja ya kulala. Wiki moja. Hakuna mtu katika kambi nzima mwenye wiki moja ya kunipa, na wewe ukaona unipe vyuma."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

Shangazi akachukua mkasi mdogo, akakaa pale pale dirishani, akafumua mishono yake yote, chuma kimoja baada ya kingine, akashona pindo upya likiwa tupu.

Kesho yake Mkongwe akapita na habari. Mabibi harusi waliobaki hawaji mwaka huu. Kiwanda kimechelewa, sababu haikutajwa. Kwa hiyo akina bibi hawaegeshwi mwisho wa mwaka, wataendelea mpaka katikati ya mwaka ujao, na marubani wanaahidiwa kofia mpya nyepesi zaidi.

"Wanaahidiwa," Sindano alirudia.

"Kama tulivyoahidiwa yote."

Sindano akacheka kicheko kikavu. "Kwa hiyo nafasi ninayo. Nimepewa na ucheleweshaji ule ule niliokuwa naulaani kila asubuhi. Niushukuru sasa, au niutukane kwanza?"

"Kula ndizi," Mkongwe alisema.

Alikula. Shangazi aliona.

Jirani wa mapazia alikuwa ameshapiga simu, wateja wamejaa mlangoni, na Shangazi alijua kwamba nyumba ile inahitaji kupumua bila yeye. Akafunga mfuko wake. Alimwachia Sindano karanga za kusaga kwenye kopo, za kulamba baada ya kushuka, si kabla. Chombo kikubwa cha mayai alikiweka kando, juu yake kipande cha karatasi: *Cha Spana na wenzake*.

Asubuhi Sindano alimbebea mfuko mpaka kituoni. Kwa haki alipaswa kuwa zamu. Walipokuwa wanasubiri basi, mngurumo ukapita juu yao, na mmoja wa akina bibi akapanda angani, akikohoa moshi mweusi nyuma. Ndani yake alikuwa Mkongwe na mgongo wake. Alikuwa ameichukua zamu hiyo ili binti aweze kumsindikiza shangazi yake. Sindano alimtazama mpaka akawa nukta, midomo imekaza, mkono umelikamata pindo la koti la suti ya mazoezi, likiwa jepesi.

Basi likaja. Shangazi akapanda, akapata kiti cha dirishani, akafungua kioo. Hakutaka kuomba msamaha tena, maana alikuwa ameshauomba mara nyingi mpaka umekuwa kero nyingine. Alinyoosha tu mkono nje, akamgusa shingoni, nyuma ya sikio. Sindano hakuusukuma.

Dereva akawasha injini.

"Wataniita kupimwa baada ya miezi mitatu," Sindano alisema, akitembea sambamba na dirisha. Bado alikuwa amekunja uso. "Uje wiki mbili kabla. Unasikia? Uje, Shangazi. Lakini hapo mlangoni nitakupekua kwanza."